Ng'ombe Watatu wa Wodi ya Wanaume

Mtu akikwambia Wamasai hawana maneno mengi, ujue hajawahi kulala kitanda cha jirani na Moloimet. Mimi nimelala. Nililala pale miezi, mguu wangu wa kushoto umening'inizwa hewani kwa kamba na mfuko wa mchanga, kwa sababu nilivunjika mfupa wa paja nilipodondoka kwenye tela la trekta kule Oldeani, kwenye shamba la kahawa nilikokuwa kibarua. Watu wanasema nilidondoka kwa kuwa nilikuwa nacheza ngoma juu ya magunia. Waongo hao. Mimi nilikuwa naimba tu, lililocheza ni tela.

Jina langu Nikodemu, Mnyiramba wa Singida, na habari hii si yangu. Ni ya Moloimet. Lakini huwezi kumweleza mtu vizuri bila kusema ulikuwa wapi ulipomwona, na mimi nilikuwa chali, sina pa kwenda, nimegeuziwa uso upande wake. Nitake nisitake nilimwona.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, juu kidogo ya Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule sabuni inapatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana. Uji wa asubuhi tulikunywa mweupe, chumvi kidogo, na bado tulilamba kikombe. Glavu za manesi zilichemshwa na kuanikwa dirishani kama soksi za watoto. Tulicheka sana katika wodi ile. Sijui kwa nini watu wanadhani wodi ni mahali pa kununa.

Moloimet alikuwa mtu wa makamo, mrefu, miguu yake ikitokeza nje ya kitanda mpaka nesi akaweka stuli pale mwisho. Alizaliwa ndani ya kreta ya Ngorongoro, boma la baba yake likiwa karibu na maji, na alikuwa tayari na mke walipohamishwa watu wote wakatoka kreta, akaenda kujenga Nainokanoka kwenye baridi. Mke wake Nosim alimtoa Oloipiri, mbali huko upande wa Loliondo. Alikwenda kwa miguu kumchumbia, akarudi kwa miguu, akaenda tena, mpaka baba mkwe akasema huyu nimpe binti kabla hajamaliza njia yangu. Ndugu zake wa tumbo moja wote walikuwa wamekufa. Alikuwa na mabinti, na mtoto wa kiume mmoja tu, Tajewo.

Ugonjwa uliomleta ulianzia kwenye mwiba. Mwiba wa kawaida kabisa, kisiginoni, akautoa kwa kisu, akaendelea na ng'ombe zake. Baada ya siku chache taya likafunga. Akaletwa nyuma ya gari la kubebea unga, amekakamaa kama ubao, na mganga mkuu akasema ni pepopunda. Wakamweka kwenye kile chumba cha mwisho cha wagonjwa mahututi, dirisha limefunikwa blanketi, hakuna kuongea, hakuna kubisha mlango, kwa sababu sauti tu ilitosha kumkunja mgongo. Wakampa dawa za kumlaza, wakamwekea mpira wa mkojo. Nosim alikaa mlangoni chini, na kila aliyepita na viatu vya kelele alimtazama kwa jicho lililomfanya hata mganga mkuu mwenyewe aanze kuvua viatu.

Akapona. Watu wengi hawaponi pepopunda, yeye akapona, akafumbua macho, akaomba maziwa. Hospitali nzima ilifurahi. Na ni katika furaha hiyohiyo ndipo alipoumizwa.

Ule mpira wa mkojo ulikuwa umeziba. Tabibu mmoja, Thomasi, mtu mpole sana ila mgeni wa kazi, akaja kuubadilisha. Sasa nikueleze, maana mimi nimeelezwa mara nyingi mpaka ningeweza kuuza mipira hiyo sokoni. Mpira una kipira kidogo kwenye ncha. Ukishafika ndani ya kibofu unakijaza maji kwa bomba la sindano, kinavimba, na mpira hautoki. Ila ukikijaza maji kabla hujafika, kinavimba ndani ya njia yenyewe, na njia ya mkojo ya mwanamume haikuumbwa kumeza limau. Kwa mtu kama mimi hilo ni kosa la dakika moja: ningepiga yowe likasikika Mang'ola, tabibu angeyatoa maji, angejaribu upya, tungesameheana.

Thomasi aliuliza vizuri kabisa kama inauma. Moloimet akasema hapana.

Jasho lilikuwa linamchuruzika masikioni, kaniambia mwenyewe, na dari aliiona inazunguka. Lakini kwao mwanamume siku ya tohara anakaa juu ya ngozi, watu wote wanamtazama, na akitikisa hata ukope tu ameaibisha mama yake, baba yake na ng'ombe za baba yake. Moloimet hakutikisika akiwa kijana. Atatikisika leo, mtu mzima, mbele ya Thomasi? Thomasi akaridhika, akajaza maji yote, akaondoka anapiga mluzi.

Kilichofuata ni damu, kisha uvimbe, kisha mkojo ukakataa kabisa. Njia ilikuwa imechanika kwa ndani. Mganga mkuu alimtoboa chini ya kitovu, akapitisha mpira mwingine moja kwa moja mpaka kwenye kibofu, ukawa unamimina ndani ya chupa tupu ya dripu. Akamweleza ukweli: njia itapona, lakini itapona na kovu, na kovu litaziba. Wa kulitoa ni Daktari Bonaventura, bingwa wa upasuaji anayekuja na ndege ndogo kutoka Moshi mara mojamoja, na hawezi kushika kisu mpaka jeraha likauke, yaani kama miezi mitatu. Hapo ndipo mimi na mguu wangu tulipoletwa, tukawekwa kitanda cha pili.

Siku ya kwanza hatukusalimiana. Siku ya pili nikamwuliza kama ni babu yake au baba wa babu yake aliyekuja kwetu Iramba kuchukua ng'ombe. Akafikiri, akajibu kwa utulivu kwamba hazikuchukuliwa, Mungu aliwapa Wamasai ng'ombe zote za dunia, babu yake alikwenda kuzirudisha nyumbani. Nikamwambia ndiyo maana Mungu amekufunga kamba tumboni. Akacheka mpaka ikabidi ashike chupa. Kuanzia hapo tukawa watu wa kuchokozana asubuhi na jioni, na wodi ikapata redio.

Ile chupa ndiyo iliyomtesa. Aliifunga kiunoni, akaificha chini ya shuka lake jekundu, akatembea nayo uani kwa hatua za kunyata. Mzee mmoja wa Oldeani aliyekuja kumtazama mwanawe alimwona anavyoificha, akadhani ni gongo, akamvuta pembeni, chini ya dirisha letu, na kumwomba amwonjeshe kidogo, wakubwa wasijue. Moloimet akarudi kitandani, akajifunika uso. Mimi nilicheka mpaka mfuko wangu wa mchanga ukabembea, na Sista akaja kunigombeza.

Lakini siku Parsimei alipokuja sikucheka. Parsimei ni rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, walikuwa morani pamoja, na kati ya watu wa rika moja hakuna siri wala adabu. Alileta kibuyu cha maziwa na habari: wazee wamekaa, na baada ya mvua za masika tohara inafungwa. Atakayekuwa hajatahiriwa atasubiri rika jipya lifunguliwe, miaka mingi. Tajewo ameshakuwa mkubwa. Mtoto wa kwanza wa kiume hatahiriwi baba yake hayupo bomani, na Moloimet hana ndugu wa kusimama mahali pake. Kwa hiyo aje nyumbani, na mpira wake hivyohivyo, nani atamcheka?

Moloimet akasema hapana. Alisema polepole, nami baadaye nikatafsiriwa. Baba ndiye anayebariki siku ile. Anasimama kwenye lango la ng'ombe, anatema mate ya baraka, watu wanamwona mzima. Mwanamume anayevuja ndani ya chupa hawezi kumtakia mwanawe uzima. Asipopona hatakwenda, na asipokwenda Tajewo atabaki layoni, ndivyo wanavyomwita asiyetahiriwa, ataota ndevu na bado watoto aliowazidi umri watakuwa wanamtuma kuchunga ndama. Parsimei alipoondoka, Moloimet aligeukia ukuta. Nilimhurumia, nasema kweli. Nilimpa nusu ya ugali wangu, akaukataa, ndipo nikajua ni jambo kubwa.

Sasa aingie Sista Petronila. Alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, mnene, mfupi, mikono ya kukandia mkate, na sauti ambayo ukiwa umekufa unafikiria mara mbili. Yeye ndiye aliyesimamia wodi ya wanaume, na alikuwa hajui kwa nini mpira ule uliumiza vile. Thomasi alikuwa ameapa mbele yake kwamba aliuliza. Basi siku moja anabadilisha bandeji, akamwuliza Moloimet taratibu, ulipokuwa unajazwa maji, hukusikia kitu? Moloimet akasema alisikia. Ulisikia nini? Akasema alisikia kama mkuki. Na Thomasi alipokuuliza? Nilimwambia hapana.

Petronila akaweka mkasi chini. Nilivuta shuka mpaka puani.

"Mzee," akasema, "huyu kijana alikuuliza swali la matibabu, wewe ukamjibu la tohara. Hapa hakuna anayekutahiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umebakiza kidogo tu."

Moloimet akasema mwanamume hawezi kusema anaumwa. Midomo inakataa. Petronila akamwambia basi usiseme unaumwa. Akavuta stuli, akakaa, akamwuliza ana ng'ombe gani. Hapo midomo haikukataa hata kidogo. Alitutajia kundi zima, rangi, pembe na mama zao, uji wa jioni ukapoa. Petronila akasikiliza mpaka mwisho, kisha akachagua watatu. Naibor, ndama mweupe mpole, huyo awe maumivu madogo, ya kawaida. Nanyokie, ng'ombe mwekundu anayepiga teke ukimkamua, huyo awe maumivu ya kumwita nesi atakapopata nafasi. Na Arus, dume la madoadoa lililovunja zizi mwaka jana na kumrusha mtu juu ya uzio, huyo akitajwa, nesi anaacha hata mtoto anayezaliwa, anakuja mbio.

"Nikikuuliza," akasema, "usiniambie unaumwa. Niambie nani ameingia zizini."

Moloimet alifikiri sana. Akaona hakuna aibu. Mwanamume kutaja ng'ombe zake ni jambo la heshima. Akakubali, na kesho yake alipogangwa akasema kwa sauti ya mtu anayesoma gazeti, Naibor, Naibor, Nanyokie kidogo, Naibor. Wodi nzima ikaidaka lugha hiyo. Aliyechomwa sindano alisema Nanyokie. Mzee wa ngiri kitanda cha mlangoni alidai ana Arus kila akiletewa maharage. Mimi nilipovutwa mguu niliita ng'ombe ambao hata hawakuwepo, na Moloimet akalalamika kwamba Wanyiramba sasa wanaiba ng'ombe za wagonjwa.

Daktari Bonaventura akatua. Alikuwa Mchaga mwembamba, miwani minene, asiyependa kupoteza muda kwa kuwa rubani alimpa siku mbili tu kabla mawingu hayajafunga. Akambonyeza Moloimet hapa na pale, anauliza inauma, anajibiwa hapana, kwa mazoea. Akasimama wima. Akasema yeye hakati mtu asiyemjibu ukweli, kwa sababu kazi hii baada ya kisu inategemea mgonjwa kusema, na kama hasemi ni bora abaki na chupa yake. Nikaona uso wa Moloimet unabadilika. Nosim, aliyekuwa mlangoni na hajui Kiswahili, alielewa kila kitu, akaja akashika ukingo wa kitanda.

Petronila akamwambia, "Daktari, muulize ni ng'ombe gani."

Daktari alimtazama kama mtu aliyepewa chenji ya fedha za nchi nyingine. Lakini akauliza. Akabonyeza juu, Moloimet akaangalia dari: Naibor. Akabonyeza chini kidogo: Nanyokie, anapiga teke. Akabonyeza palipo na kovu lenyewe, na Moloimet akavuta pumzi, akasema Arus amesimama langoni, hajaingia. Daktari akatoa miwani, akaifuta, akasema hajawahi kupewa maelezo mazuri namna hiyo na mgonjwa aliyesoma. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga filimbi.

Akampasua siku iliyofuata kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, macho wazi. Petronila alitusimulia kwamba Moloimet alizungumza muda wote, juu ya malisho, juu ya ugonjwa wa ndigana, mpaka Daktari akajikuta anamwuliza dume zuri linajulikanaje. Alikata kile kipande chenye kovu, kidogo kuliko punje ya mahindi, akaivuta miisho miwili ya njia ikakutana, akaishona kwa uzi mwembamba kuzunguka mpira mpya. Ule wa tumboni akautoa. Akaacha amri moja kabla ya kupanda ndege: mpira huu usizibe. Ukiziba, kibofu kitajaa, kitasukuma, nyuzi zitakatika, na hapo hataweza kumrudia mpaka mwaka uishe. Kila mtu alielewa maana ya hesabu hiyo. Mwaka ukiisha, tohara imefungwa.

Jumapili moja mchana, jeraha bado bichi, kwaya ya parokia ilikuja kutuimbia. Walikuwa wengi, wana ngoma na kayamba, wakajaza wodi mpaka kati ya vitanda, na Petronila alikuwa uani anakula. Parsimei naye alikuwa amekuja kutazama, amekaa kwenye stuli ya Moloimet, fimbo mapajani, anafurahia nyimbo. Nikageuka kumtania jirani yangu nikaona hajibu. Alikuwa ameangalia dari. Jasho lilikuwa linamshuka kutoka kwenye paji la uso, na ile chupa chini ya kitanda ilikuwa haijaongezeka tangu asubuhi.

Nikamwuliza kwa jicho. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kwa mdomo nani yuko zizini. Akamtazama Parsimei, akarudisha macho darini. Nikaelewa, na hasira ikanipanda mpaka kichwani. Mbele ya manesi angeweza, mbele ya Daktari angeweza, mbele yetu sisi wageni tusiojua kitu angeweza. Lakini Parsimei alikaa naye siku ile ya ngozi na kisu. Mbele ya Parsimei hata jina la ndama lilikuwa zito. Nikamwambia, nikasema kwa hasira kweli, kwamba mimi mguu wangu umefungwa, siwezi kukutoa hapo, na hizi nyuzi si zako peke yako, ni za Tajewo.

Kwaya ilikuwa imefika kiitikio. Moloimet akafumba macho, akayafumbua, akamtazama rika lake usoni.

"Arus," akasema. "Ameingia. Parsimei, naumwa."

Mimi sijui nilipigaje yowe lile. Kwaya nzima ilinyamaza, kayamba likaanguka. Nilikuwa naita Arus, Arus, Sista, Arus, kama kichaa, na mzee wa ngiri akasaidia kuita kwa dirishani. Petronila aliingia na ugali bado mkononi. Hakuuliza. Aliosha mikono, akachukua bomba kubwa la sindano na maji ya chumvi, akasukuma taratibu, akavuta, akasukuma, akavuta, na pale tulipokuwa tumeacha kupumua donge la damu likatoka na mkojo ukafuata, ukamiminika ndani ya chupa kwa sauti. Akakagua jeraha, akanusa bandeji, akasema nyuzi zipo. Akakaa kitandani kwa Moloimet bila kuomba ruhusa, akafuta uso kwa aproni. Kwaya wakaulizana waendelee au waende, mwalimu wao akaamua waendelee, wakaanza ubeti upya kwa nguvu.

Parsimei alikuwa hajasogea. Moloimet akamwambia kwa Kimasai maneno niliyoyapata baadaye: nimeumia na nimesema, ukitaka kunicheka, cheka sasa hivi, usingoje ufike nyumbani. Parsimei akaweka fimbo chini. Kisha akafungua mdomo, akaonyesha kidole ndani, akamwomba Moloimet amwambie yule mama kuna jino linamwua tangu mvua za vuli. Petronila aling'oa jino lile jioni hiyohiyo, na wanasema Parsimei naye alitaja ng'ombe wake mmoja, ingawa yeye anakana.

Siku ya kutolewa mpira mimi nilikuwa nimeshashushwa mguu, natembea na magongo. Mganga mkuu akautoa, akasema sasa anywe maji na akojoe mwenyewe ndani ya jagi, ili ipimwe. Moloimet akanywa. Akanywa maji, chai, maziwa ya Nosim. Saa ya kukojoa akalitazama lile jagi na manesi waliolizunguka, akaniambia, rika, twende. Aliniita rika. Mimi Mnyiramba wa Singida. Nikachukua magongo yangu nikamfuata mpaka nyuma ya jiko, kwenye uzio, tukasimama tumeelekea milima ya Ngorongoro kama wanaume wawili waliotoka kwenye mkutano.

Hakikutoka kitu. Akasubiri. Akaniambia hakuna, na sauti yake ilikuwa ndogo nisiyoijua. Niliogopa. Nilimwona Tajewo, ambaye sikuwa nimemwona maishani, anachunga ndama na ndevu zake. Sikujua la kufanya, nikakumbuka tulivyokuwa tunafanya udogoni kwetu kisimani, ng'ombe akigoma kunywa. Nikaanza kupiga mluzi. Mluzi mrefu, wa polepole, unapanda na kushuka. Moloimet akageuza shingo kunitazama, akatabasamu, mabega yakashuka.

Ukatoka. Kwanza matone, nikazidisha mluzi. Kisha ukaja, mwanzo mwembamba, kisha mnene, umenyooka, ukapita uzio, ukaangukia shamba la maharage la misheni, na ukaendelea, ukaendelea. Moloimet alikuwa ananguruma. Mimi nilikuwa nalia na kupiga mluzi kwa pamoja, jambo gumu kulifanya, jaribu uone. Wapishi wakachungulia, wakaona, wakapiga vigelegele, na Nosim akaja mbio anaimba. Petronila naye akaja mbio, jagi mkononi, anatutukana, tumemwaga kipimo chote, sasa atamwambia nini mganga mkuu. Moloimet akamwambia asiwe na wasiwasi, kuna mwingine unakuja.

Nilikwenda Nainokanoka masika yakielekea kwisha, tohara bado haijafungwa, juu ya lori la unga, fimbo mkononi badala ya magongo. Baridi ya huko haina haya. Asubuhi ile Moloimet alisimama kwenye lango la ng'ombe, shuka jipya, mikono mitupu, hakuna chupa, akatema mate ya baraka na watu wote wakamwona. Tajewo alimwagiwa maji ya baridi, akakaa juu ya ngozi, na hakutikisa ukope. Mimi nilikuwa namtazama yeye kuliko hata kisu. Wanawake wakaimba, Parsimei akaruka juu na pengo lake, na kijana yule akaahidiwa ng'ombe na huyu na huyu.

Baadaye, kelele zilipokuwa nje, Moloimet alinishika mkono akaniingiza nyumbani kwa Nosim, mle gizani alimolazwa Tajewo juu ya ngozi. Baba kwa kawaida hakai humo. Yeye akachuchumaa kando ya kichwa cha mwanawe, akamwuliza kama inauma. Kijana akasema hapana.

Moloimet hakuondoka. Akamwambia, "Kisu kimeshakwenda. Wazee wako nje. Nakuuliza mimi, baba yako."

Tajewo aligeuza uso, akamtazama baba yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto, "Inauma, baba. Inauma sana."

Moloimet akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akacheka kwa furaha mpaka machozi yakamtoka, akamwita Nosim alete maziwa.